Makamasi ya Angani Mbele ya Mama Mkwe

Sizoni ya kwanza ya tamthilia ninayoipenda kuliko zote inatia kinyaa. Nasema hivyo mimi niliyeiangalia mpaka tivii ikanizoea. Ni hadithi ndefu ya watu wanaozunguka angani na chombo kikubwa kama mji. Imetengenezwa miaka na miaka, waigizaji wameota mvi humo humo. Lakini huko mwanzoni, watengenezaji walipokuwa bado wanajifunza kazi, kila kiumbe cha sayari ya mbali kilikuwa pande la mpira lililopakwa makamasi. Makamasi ya kijani. Yanadondoka, yananing'inia, yanavutika. Ukiyakusanya yote unamwagilia mpunga kutoka Kivukoni mpaka Mang'ula na mengine yanabaki.

Halafu nenda kamuulize shabiki yeyote hapa Ifakara mgeni aanzie wapi. Atakukazia macho kama umemtukania ukoo. "Aanzie mwanzo! Asiruke hata sekunde!" Watu hawa wananichefua. Waliyameza makamasi wenyewe, sasa wanataka kila mtu ayameze.

Nami niliwasikiliza, na karibu wamtie mama mkwe wangu kilema.

Mama alikuwa amekuja kwetu kutibiwa mguu. Jembe lilimparaza kwenye muundi huko shambani bondeni. Akaufunga kitambaa akaendelea na kazi, na kidonda kikaoza. Daktari hakumung'unya maneno: asafishwe kila siku mpaka kifunge. Akirudi kwenye maji ya mpunga, mguu atauacha huko huko.

Shida ni kwamba mpunga ulikuwa unatoa masuke, na masuke yakitoka, ndege wanajua kabla ya mwenye shamba. Mama alikuwa amemwachia kaka yake kazi ya kuwafukuza, kaka ambaye kwa maelezo yake angelala hata ndege wakimdonoa sikio. Kila jioni mama alikaa sebuleni akiangalia mlango. Hakuwa na shoga mjini, na redio ilimchosha. Mke wangu akaniambia, "Baba watoto, mama atatoroka. Mtafutie kitu cha kumkalisha."

Kitu cha kukalisha watu ninacho, nikasema. Nikapanda baiskeli hadi Kibaoni kwa jamaa wa muvi, mtu mzima mwenye ndevu zake, ambaye hutujazia flashi.

"Mgeni?" akauliza. "Wa wapi?"

"Mama mkwe wangu. Hajawahi kuona hata trela."

"Basi mpe sizoni ya kwanza. Akikatiza njia ataharibika moja kwa moja."

Sasa niwaeleze tulivyokuwa tukiangalia. Mimi ni Msukuma. Wazazi wangu walishuka bondeni na ng'ombe, na pamoja na ng'ombe wakashuka na adabu: kwetu mwanamume haketi na mama mkwe wake, hali naye, wala hazungumzi naye uso kwa uso. Wakwe zangu ni Wapogoro, nao wana heshima zao, ila ya kwetu huwa wanaicheka wakidhani sisikii. Mama hajui Kiingereza, na anayekijua nyumbani ni mimi, niliyekisotea kwenye masomo ya jioni mpaka walimu wakaomba likizo. Kwa hiyo mama na mke wangu walikaa sebuleni, mimi nikakaa kwenye kigoda koridoni, nyuma ya pazia. Tivii naiona kwenye upenyo, mama simwoni. Ninatafsiri kwa sauti, namtafsiria mke wangu, naye anampelekea mama maneno yale yale ambayo mama ameshayasikia.

Tulianza vizuri. Chombo kikapaa. Nikatafsiri kuhusu nyota kwa Kiswahili safi cha kusomea taarifa ya habari. Mara kiumbe kikatokea, kinachuruzika. Bakuli la wali lilikuwa mapajani pangu, nikaliweka chini taratibu. Nahodha akakisogelea kiumbe. Nikajua kinachokuja, maana nilishakiona. Nahodha akakikumbatia kiumbe kile, akakibusu. Mdomoni. Na makamasi yote.

Niliinama nikajifanya natafuta kijiko.

"Mama anauliza wanafanya nini," akasema mke wangu, na sauti yake ilikuwa inatetemeka kwa kicheko, mwanamke yule.

"Mwambie mama… wanapimana homa."

"Mama anauliza, mbona wanapimana kwa mdomo?"

"Ndiyo utaratibu wa huko."

Jasho lilinitoka la kulowesha kigoda. Na nahodha hakumaliza kupima! Alipima, akapumzika, akapima tena. Mwishowe nikasikia kiti kinasogezwa. Mama akasema, "Mwambie baba nashukuru sana. Nikapumzike. Kesho nitaondoka."

Asubuhi kitenge chake kilikuwa kimefungwa furushi, kimewekwa mlangoni. Mke wangu hakucheka tena. Alikaa juu ya lile furushi analia, akakataa kunyanyuka, na kidonda cha mama tulikuwa tunakisikia harufu tokea jikoni.

Nikarudi Kibaoni nimevimba. "Makamasi yako yananiulia mama!" Jamaa hata hakuona aibu. "Angevumilia kidogo," akasema, "sizoni ya tatu mbele huko inanoga." Avumilie! Mtu ana mguu unaooza, anaambiwa avumilie na mpira wa kijani. Nilimnyang'anya kompyuta nikatafuta mwenyewe. Hata vita vya nyota sikuvitaka, maana kumuonyesha vita mtu anayewaza mpunga ni kumfukuza kwa heshima. Nilitafuta kipande kimoja cha katikati kabisa ambacho mashabiki hukidharau, wanasema hakina risasi.

Ndani ya chombo kuna bustani. Mtunzaji wake ni bibi mmoja mkali. Siku moja vijidudu vyenye mabawa vinaingia, vinashambulia mbegu ambazo watu wote mle wanazitegemea, na nahodha hasikii, yuko bize na mambo makubwa. Bibi anabaki peke yake, anagonga mabati.

Mama alikuwa amekubali kukaa jioni moja tu, kwa ajili ya machozi ya bintiye. Nikaanza kutafsiri. Sikufika mbali.

"Upande wa kushoto!" Mama ndiye aliyepiga kelele. "Wanaingilia kushoto! Huyo bibi hana kombeo?"

"Mama anauliza kama hana ko—"

"Mwambie mama hana, wamemnyima."

"Wamemnyima! Huyo nahodha ni kaka yangu mtupu!"

Kesho yake furushi likafunguliwa. Mama alitaka kujua kama mbegu ziliota. Zikaota, bibi akagombana na nahodha, tukaenda hivyo, sizoni juu ya sizoni. Asubuhi mama anakwenda kusafishwa kidonda, jioni anamtukana nahodha. Huko bondeni kaka yake akavuna kilichosalimika.

Siku muuguzi alipotoa bandeji asifunge nyingine, mama alitembea mwenyewe kutoka barabarani hadi mlangoni. Nilikuwa koridoni, nikasikia hatua zake, zote mbili zikigonga sawasawa. Nikajua sasa anaondoka.

"Mwambie baba," akasema, "kabla sijaenda, nataka ule mwanzo. Nijue huyu nahodha aliharibikia wapi."

Nikaomba umeme ukatike. Haukukatika; unakatikaga tukiwa na nyama kwenye friji tu. Kiumbe kikatoka, kikachuruzika, nikajiziba mdomo kwa kiganja. Upande wa pili wa pazia namsikia mama anakula mlenda na ugali, anauvuta bila wasiwasi wowote.

"Mama anauliza mbona umenyamaza."

"Mwambie mama natapika kidogo, nakuja."

Mama akacheka. "Mwambie hayo ni makamasi tu. Kwani ng'ombe wao ndama wanatoka wakavu?"

Nahodha akakisogelea kiumbe. Nikavuta pumzi, nikajikaza. "Mwambie mama," nikasema, "sasa wanapimana—"

"Asijisumbue," mama akamkatiza. "Mwambie hata siku ile nilijua si homa. Nilifunga mzigo kwa kumhurumia yeye."