Lita Saba, Siku Mbili

Mimi kungoja sikujui. Programu ya kupokea maziwa kwenye kiwanda cha jibini pale Mushaki niliiandika kwa siku nne, nikizunguka mlima mzima na kompyuta nikitafuta mtandao.

Ng'ombe aliyechomwa sindano alikuwa na ukurasa wake kwenye simu ya mpokeaji: lita, kisha siku tangu achomwe. Siku zikiwa chini ya tano, maziwa yakataliwe, maana dawa huharibu jibini. Mpokeaji akalalamika kwamba nimepanga kinyume. Kwetu mtu hatangulizi maziwa; kwanza hutoa habari za ng'ombe, kama za mgonjwa wa nyumbani. Nikageuza ukurasa haraka haraka, siku zitangulie lita, nikasahau fonksyo, sehemu ya programu iliyopokea namba hizo. Yenyewe iliendelea kuhesabu: ya kwanza lita, ya pili siku.

Kesho yake mama yangu alileta maziwa, akasema ukweli: siku mbili, lita saba. Simu ikajibu: pokea. Jibini ya siku ile yote ikaharibika. Daktari wa ng'ombe akakumbuka sindano ya juzi, daftari la programu likaonyesha siku saba, na wafugaji wakamwita mama mwongo mbele ya watu. Niliona aibu hadi nikakwepa kula naye. Nilijua daftari langu halidanganyi.

Siku tatu sikutulia. Nilifungua daftari, nikalifunga, nikatoka, nikarudi. Mwisho nikaona kando ya zile siku saba: lita mbili. Ng'ombe wa mama hajawahi kutoa lita mbili tangu azae. Namba zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Dawa ya kosa hilo ipo, nami niliijua tangu masomo ya Goma. Programu inaweza kuichungulia fonksyo kabla ya kuiita, ikaiuliza inataka vitu gani na kila kimoja kinaitwaje, kisha ikakabidhi kila namba kwa jina lake, si kwa foleni. Ilikuwa mistari sita. Nilikuwa nimeiona ni kupoteza muda; sasa nikaiandika.

Niliwaeleza wafugaji wote kwamba kosa ni langu, na jinsi nilivyolirekebisha. Wakamwomba mama msamaha. Yeye alinisubiri nyumbani, akimenya maharagwe bila kuniangalia.

"Sasa ile masini inauliza mbele ya kupokea?"

"Njo vile, Mama."

"Na weye, juu ya nini haukuniuliza?"