Sura 611 za Macalder zisizo na majina

Saa tatu asubuhi Macalder, kwa machimbo ya dhahabu ya Migori, na Kezia Nyasuguta anamvalisha suti mtu ambaye hana suti.

Kijana amekaa kwa stuli mbele ya kitambaa cha bluu, matope mekundu mpaka kwa masikio. Kezia anampiga picha, anageukia laptop, anambandika koti jeusi na tai.

"Sasa unakaa MCA, mheshimiwa wa kaunti," anamwambia.

"MCA gani analala njaa?" kijana anajibu. Anachukua picha zake nne, analipa mia, anarudi kwa mashimo ya dhahabu.

Kezia ana miaka thelathini na nne, Mkuria wa Isebania aliyeolewa huku. Siku nzuri anapata shilingi mia nane. Anapiga picha za kitambulisho na anachapisha programu za mazishi, na hakuna haja ya kuficha, hizo kazi mbili ni moja. Mchimbaji anapigwa picha akiwa hai. Shimo likimfunika, familia inakuja kwa Kezia, kwa sababu simu yake ilienda chini naye na nyumbani hakuna picha ingine. Suti inakuwa tayari.

Laptop aliinunua Migori mjini ikiwa mtumba, elfu tisa. Mwaka jana ikachoka kabisa.

"Naiwasha, naenda kuchota maji, narudi, bado inazunguka," anasema. "Wateja wanangoja, wanachoka, wanaenda zao."

Mpya ni elfu arobaini na tano. Hana.

Fundi wa simu, Levis Mniko, akamwambia kuna dawa ya bure: Linux, ile nyepesi ya mashine za zamani. Unafuta mfumo wa zamani, unaweka huu, mashine inakimbia. Kabla ya kufuta aliuliza kitu kimoja tu.

"Picha umetoa zote?"

"Zote."

Na Kezia aliamini hivyo. Kwa skrini kulikuwa na alama imeandikwa PICHA ZA WATU. Aliivuta mpaka kwa flash, ikaingia mara moja, akafurahi kwamba flash ni kali. Kumbe hiyo alama haikuwa na picha ndani. Kazi yake ilikuwa tu kuonyesha picha ziko wapi. Kezia aling'oa kibao cha barabara akidhani amebeba mji.

Levis akabonyeza futa. Picha za miaka saba zikaenda.

"Laptop ilikuwa inawaka ndani ya dakika moja," Kezia anasema. "Nilifurahi Krismasi yote. Hiyo flash sikuifungua hata siku moja."

Aliifungua Januari, siku mama mmoja, Phelesia, alisimama mlangoni, leso imefungwa kiunoni. Mwanawe Javan, miaka ishirini na tatu, alikuwa ametolewa shimoni amekufa. Hiyo ilikuwa Jumanne. Mazishi yalikuwa Jumamosi.

"Nyara," alimwita, vile Mjaluo anamwita binti yake. "Nipe mtoto wangu."

Kwa flash kulikuwa na faili moja. Ikakataa kufunguka.

"Nilimwambia ukweli," Kezia anasema. "Nilimwambia, mama, nimemfuta."

Phelesia hakulia. Alikaa kwa stuli. "Basi mtafute. Mimi siendi."

Levis akaitwa. Alikuja na programu ya kutafuta picha zilizofutwa, ikachimba kutoka asubuhi mpaka saa nane. Ikatoa sura 611. Hakuna hata moja ilikuwa na jina, na zingine zilikuwa zimekatika. Wanawake hao wawili wakaanza kuzipitia moja moja. Wengine Kezia mwenyewe alikuwa amewachapishia programu za mazishi.

"Huyu," Phelesia akasema saa kumi.

Paji la uso lilikuwepo. Macho yalikuwepo. Kutoka puani kushuka chini, kijivu tupu.

Levis akaleta wazo. "Mama, ako na ndugu? Tunachukua mdomo ya ndugu, tunaunga. Hakuna mtu atajua."

"Mimi nitajua," Phelesia akamjibu. "Hiyo mdomo haijawahi kuniita mama. Weka macho."

Programu ya mazishi ikatoka hivyo, macho bila mdomo. Kwa mazishi watu waliuliza kama printa iliisha wino. Kezia alikuwa amekaa nyuma na alisikia. Siku hizi akikutana na Phelesia sokoni, mama anamsalimia vizuri sana. Hiyo inamuuma kuliko matusi.

Laptop haijamsumbua tena. Sasa kila picha inaenda kwa flash mbili, na kila flash anaifungua kwa mashine ya Levis aone sura kwa macho yake. Mchimbaji akilipa, anaambiwa apeleke picha moja nyumbani. Wengi wanasema ndiyo, wanaitia mfukoni, wanaingia nayo shimoni.

Zile 611 amezichapisha ndogo ndogo kwa karatasi. Kila Jumapili baada ya kanisa anazunguka nazo kwa mashimo.

"Kezia CID!" wanamtania. "Leo unashika nani?"

Lakini wanainama, wanaweka kidole. Huyu ni Okari. Huyu alivuka Sirare kuingia Tanzania, hakurudi. Huyu, si tulimzika? Kezia anaandika. Amefikisha majina 238.

"Mvua ya Machi ikianza, hayo mashimo yanabomoka," anasema, akigeuza karatasi. "Nataka kila mtu hapa akuwe na jina kabla ya hapo."