Mkeka Usiotaka Maneno

Kiharusi kilimwachia baba miguu yake, kikamchukulia ulimi. Mtaani kwetu Makorora mzee hakai barazani bila kuamkiwa, na shikamoo aliyoshindwa kuijibu ilimuumiza kuliko ugonjwa wenyewe. Akajifungia ndani. Wageni wakija, anageukia ukutani. Niliogopa atamalizikia mle chumbani, nikawa mkali kwa kila mtu, hata kwa daktari asiye na kosa.

Mama hakubishana na mtu. Alasiri moja alitandika mkeka barazani, akamwita jirani yetu, mama mmoja wa Kipemba mwenye mdomo usio na breki, akachanga karata.

"Wahedi wa sitini," akasema kwa sauti ya kufika chumbani. "Na leo hapa hapasemwi. Atakayefungua kinywa, karata zilizo chini zimeliwa na wapinzani wake."

Baba akachungulia. Mchezo huu yeye ndiye aliyetufundisha. Ree, karata ya moja, ina pointi kumi na moja, seti, ile ya saba, kumi, kisha wazungu, zile za picha: wa nne, wa tatu, wa pili. Mkifika sitini na moja mmeshinda. Karata kubwa hula ndogo ya aina yake, na turufu hula zote. Mnacheza wawili kwa wawili, na kumwambia mwenzako ulichonacho ni mwiko. Mama aliuongeza mwiko huo kidogo tu, nami ndipo nikamwelewa.

Baba akaja, akaketi kunielekea, mimi nikawa mwenzake dhidi ya mama na jirani. Jirani alibana midomo mpaka mashavu yakavimba. Namshukuru mpaka leo, maana najua alivyoteseka.

Mama alikuwa ametupa ree ya kopa, zamu ikawa ya baba, alipopita msichana wa shule.

"Shikamoo, babu!"

Baba alishika karata yake ya mwisho, kopa tatu isiyo na thamani yoyote. Nikadhani atainuka arudi ndani. Akainyanyua juu, akaibamiza mkekani: pa!

"Marahaba hiyo!" jirani akapasuka. "Kaitika, jamani, kaitika!"

"Umesema," mama akamwambia, akamsukumia baba karata zote, pamoja na ree yake mwenyewe, huku machozi yanamtoka kwa kicheko. Nikalia pia, kwa furaha.

Siku hizi watoto wa mtaa wakimwamkia baba, hawaondoki mpaka karata ilie.