Fundi Aliyetamka Vipimo

Kwa miaka thelathini fundi cherehani huyu hakupata kutamka kipimo cha mtu kwa sauti. Alizungusha utepe kiunoni mwa mteja, akasoma tarakimu, akaiandika daftarini, kimya. Mwili wa mtu, alizoea kusema, ni amana. Na kila aliyetoka dukani mwake alitoka na stara yake. Mkewe, aliyekaa pembeni akishona vifungo, aliipenda tabia hiyo kabla hajampenda mwenyewe.

Siku moja, akipaka dari rangi, alianguka kutoka ngazini, paji la uso likapiga sakafu. Kidonda kilipona upesi. Mkono haukutetemeka, mishono ilinyooka kama zamani, na majina ya wateja aliyakumbuka yote. Mke akamshukuru Mola, asijue kwamba kilichovunjika hakionekani.

Wiki ya pili alimpima mke wa jirani, akapaza sauti mpaka wapita njia wakageuka: "Shemeji, utepe umeisha, kiuno bado. Niunge kamba?" Akacheka peke yake.

Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga. Wa fundi sasa haukuwa hata na lango. Wapo waliodai amelewa, wapo waliodai kiburi kimempanda. Daktari alimweleza mke taratibu kwamba sehemu ya mbele ya ubongo ndiyo lijamu ya mtu. Ikiumia, mtu hujua lililo jema asiweze kujizuia. Mke akaomba dawa. Ya kutuliza hasira ipo, akaambiwa. Ya kurudisha haya, hapana.

Wateja wakapukutika, akabaki shangazi yake mke. Asubuhi aliyotarajiwa, mke alimuuliza mumewe, "Baba, kanuni ya kazi yako ni ipi?"

"Kipimo hakitamkwi," alijibu bila kusita. "Mwili wa mtu ni amana."

Mke akashusha pumzi. Shangazi, ajuza wa miaka sabini, akaingia, akainua mikono apimwe.

"Mia na nane," fundi akatangaza. "Na tumbo hili, Shangazi, la miezi mingapi?"

Bibi yule alishusha mikono, akakunja kitambaa chake, akatoka.

Mke akafunga mlango. "Mume wangu, kuanzia leo hutapima tena."

Mke alikuwa amejiandaa. Mumewe angelia, angetukana, angeapa hatoki dukani. Yote hayo yeye angeyastahimili. Fundi alivua utepe shingoni, akauachia, asitazame ulipoangukia.

"Sawa," alisema. "Chakula tayari?"