Wapagazi wa Kadibodi

Mwanangu, ipo Jumamosi moja ya likizo ya Agosti ambayo haijanitoka akilini. Sina mvi za kutosha kukuita hivyo, lakini ualimu humzeesha mtu kabla ya nywele zake, na onyo jema halifai kufia kwa aliyeonywa.

Nilikuwa nimetoka chuoni karibuni, nikiamini kwa dhati kwamba historia haifundishwi kwa kukaririsha. Katika ukumbi mdogo wa mtaa wa Jamhuri nilianzisha chama cha vijana wa kucheza vita juu ya ubao. Tulicheza Vita vya Kwanza vya Dunia jinsi vilivyopiganwa huku kwetu Afrika Mashariki, Waingereza upande mmoja, Wajerumani upande wa pili. Ramani niliichora mwenyewe, kutoka Voi hadi Mto Rufiji. Kila kikosi cha askari kilikuwa na kibao chenye jina lake. Wapagazi, wale Waafrika waliobeba vyakula na risasi za majeshi hayo vichwani, niliwakatia vipande vya kadibodi ya katoni ya sabuni, vitupu, bila alama yoyote. Kanuni ilikuwa nyepesi: jeshi likitaka kusonga mbele wakati wa mvua, mchezaji huondoa wapagazi kadhaa na kuwatupa kwenye kifuniko cha sanduku.

Mchezaji wangu hodari alikuwa Nanjala, msichana wa kidato cha tatu aliyelelewa na nyanya yake hapo hapo Jamhuri. Shuleni alikuwa ameshauriwa aliache somo la historia, eti hana kichwa cha kulishika. Kwenye ubao ule, kichwa hicho hicho kilianza kuuliza maswali yaliyonirudisha maktabani. Nilijua kwamba akiondoka pale, historia itampotea moja kwa moja.

Siku hiyo ubaoni alikuwa akilifukuza jeshi la Jaspal, kijana wa mtaa wa Kileleshwa mwenye mdomo mrefu kuliko jeshi lake.

“Utaishiwa na watu, Nanjala! Mvua imekushika!”

“Niishiwe na nani? Hawa si ni wa kubeba tu, buda. Wako wengi.” Akawazoa wapagazi kwa kiganja, akawamwaga kifunikoni. Wenzake wakapiga meza kwa shangwe.

Hakuna aliyekuwa amemwona nyanya yake, ambaye alikuja kumchukua na sasa alisimama mlangoni. Akasogea, akatazama ndani ya kifuniko.

“Hivi mlivyotupa ni nini?”

“Ni wapagazi, Kukhu,” Nanjala alijibu, akimwita nyanya kwa Kiluhya. “Wamekufa njiani. Ni mchezo tu.”

“Na wanazikwa lini?”

Kijana mmoja akacheka, kisha akaona kwamba anacheka peke yake.

Mama huyo hakupaza sauti. Alituambia kwamba baba ya baba yake alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hivyo, asirudi, na hakuna aliyeleta habari zake. Watu wa nyumbani walitaka kuzika shina la mgomba badala yake, kama ilivyo desturi yao kwa aliyepotea. Mkewe akakataa. Akasema hawezi kuzika mgomba na hali mumewe bado yuko safarini. Akakataa mpaka uzeeni, na alipokubali ni kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anakufa.

“Nilikuwa msichana mdogo. Niliuona mgomba ukishuka shimoni,” alisema. “Nanjala, chukua mkoba wako. Hapa hurudi.”

Nikajitetea, kama wafanyavyo wasomi wanapobanwa. “Mama, ndivyo ilivyokuwa kweli. Majeshi yaliwatumia hivyo.”

“Najua ndivyo ilivyokuwa, mwalimu. Lakini hawa watoto wanashangilia.”

Wakaondoka. Mwanangu, wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mimi nilikuwa nimewafundisha vijana kuubeba usufi huo wakicheka.

Katikati ya wiki nilikwenda nyumbani kwa nyanya yake Nanjala. Nilikuwa na suluhisho ambalo lilinipendeza sana: ningewaondoa wapagazi wote mchezoni, wabaki askari peke yao, asiumie mtu. Alinikaribisha chai, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaweka kikombe chini.

“Uwaondoe? Waliondolewa mara ya kwanza kwa kutumiwa. Sasa wewe unataka kuwaondoa kwa adabu, ili mimi nisikasirike?”

Nikamwomba aniambie la kufanya.

“Warudishe, mwalimu. Lakini wawe na kwao. Asitolewe mtu hapo mezani kabla ya anayemtoa kusema jina lake, ametoka wapi, na ni nani amebaki nyumbani. Ukifanya hivyo, mjukuu wangu atakuja. Na mimi nitakuja nione.”

Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini nilijifunza pia kwamba mwenye kovu haombi daima ufiche kisu. Mara nyingine anataka ukitazame.

Jumamosi iliyofuata Kukhu aliketi kando ya meza, mkoba mapajani. Nilipoeleza kanuni mpya, Jaspal aliinua mkono, na sitaki umdharau, kwa maana hoja yake ilikuwa nzito.

“Lakini mwalimu, majenerali hawakujua hayo majina. Tukiwapa majina, si tutakuwa tunadanganya historia?”

Nanjala ndiye aliyemjibu. “Wewe si jenerali, Jaspal. Wewe ni mtu wa Kileleshwa anasoma.”

Hata Kukhu alicheka.

Tukacheza. Mwanzoni majina yalitolewa kwa mzaha, hata mmoja akaitwa Ugali. Kisha mzaha ukachoka. Juma wa Mumias, ameacha mama. Kamau wa Kiambu, ana mtoto ambaye hajamwona. Jeshi la Nanjala likafika ukingoni mwa mto, mvua ikinyesha, na Jaspal yuko ng'ambo akiwa dhaifu. Ushindi ulikuwa hatua moja tu mbele. Nanjala akashika kipande cha kadibodi, akafungua kinywa, akakifunga. Akakirudisha kipande mahali pake.

“Sivuki,” alisema.

“Basi nimeshinda!” Jaspal akaruka.

“Umeshinda.”

Nikawaambia ukweli, maana ndiyo kazi yangu: majeshi halisi yalivuka. Nanjala akanitazama, akauliza, “Na aliyeamuru wavuke, aliulizwa na nani?” Tulilijadili swali hilo hadi mlinzi alipokuja kufunga ukumbi. Likizo ilipoisha Nanjala alirudi shuleni, na somo lile hakuliacha.

Basi sikiliza, mwanangu. Cheza, panga, shinda. Akili haina dhambi. Lakini ukisoma vita vyovyote usitosheke kujua nani alimshinda nani. Uliza nani alibeba, na nani alihesabiwa kuwa wa kubeba tu. Jambo linalokuumiza usilifute ili meza iwe safi. Lipe jina, kisha ndipo uamue. Na utakapopata mamlaka juu ya watu, hata darasani, hata ofisini, jihadhari na siku utakapowaona ni wengi kiasi cha kutojali mmoja.

Mungu akuzidishie akili ya kupanga, akupe na moyo wa kusita panapostahili kusita. Nchi hii isikuite vitani kamwe; na ikikuita kwa kazi yoyote, ikuite kwa jina lako.