Swali Nililomkataza Binti Yangu

Kosa la kwanza lilikuwa la neno tu. Nilipotoka msikitini baada ya alasiri nilimwambia jirani yangu mwenye bucha kwamba binti yangu ana kesi Alhamisi, saa nne asubuhi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Bole, mzee. Bole sana. Wakili iko?"

Nilicheka, halafu nikaona ugumu wa kumweleza. Kesi hii si ya mahakamani. Kuna kampuni Nairobi ambazo kazi yao ni kushauri kampuni nyingine, na kabla hazijakuajiri hukupa tatizo la biashara fulani ulichambue mbele yao kwa mdomo. Tatizo hilo ndilo wanaloliita kesi. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akasema ataomba dua vilevile, kwa sababu mtu anayehojiwa na watu asiowajua tayari yuko matatani.

Hakukosea sana. Binti yangu alikuwa ameshaanguka mara moja. Kampuni ya kwanza ilimwandikia kwamba hesabu zake zilikuwa safi, ila hakuomba habari alizozihitaji, alikisia. Hii ya Alhamisi ilikuwa ya pili, na nyingine zote alizoziandikia zilikuwa kimya. Tangu amalize chuo kikuu alikuwa amekaa nami hapa Garissa mwaka mzima, akifundisha watoto wa mtaa wetu hesabu, akikonda.

Alihitaji mtu wa kufanya naye mazoezi. Mama yake alishafariki, kwa hiyo nilibaki mimi, karani mstaafu wa soko la mifugo, mwenye cheti cha kidato cha nne na miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniletea karatasi alizochapisha saiba, kwenye duka la kompyuta.

"Aabo, wewe ndiye mwenye kampuni. Nisomee swali, halafu unisubiri."

Aabo ni baba. Nami humwita yeye aabo vilevile. Kwetu mzazi humrudishia mtoto jina lile lile.

Jumatatu nilimsomea habari za kiwanda cha maziwa ambacho faida yake inashuka. Chini ya swali palikuwa na jedwali: lita, bei, idadi ya wateja. Juu ya jedwali yalikuwapo maandishi meusi kwamba mtahiniwa asipewe takwimu hizi mpaka aziombe. Nikazifunika kwa kidole gumba.

Alichora visanduku kwenye daftari, mapato huku, gharama kule, vizuri kabisa. Kisha akasema, "Tuseme wana wateja mia tano."

Chini ya kidole changu palikuwa na elfu mbili.

"Tuseme?"

"Ndiyo, tuseme."

Akaendelea kujenga jibu zima juu ya hizo mia tano zake, kwa hati nzuri, nami nikitokwa jasho kana kwamba ninayehojiwa ni mimi. Jumanne ilikuwa kesi ya hoteli, na mambo yakawa yale yale. Jumatano asubuhi nilifikia hatua ya kukiinua kidogo kidole changu, kama mwalimu anayetaka mwanafunzi aibe jibu. Akageuza uso ili asione.

"Uliza, aabo. Si uulize tu!"

"Najua."

"Sasa mbona huulizi?"

Aliitazama kalamu yake. "Nikitaka kusema 'wangapi', naona kama namvua mtu nguo."

Maneno hayo niliyajua. Yalikuwa yangu.

Alikuwa na miaka minane, tukiishi Griftu. Siku hiyo nilikuwa na mgeni mkubwa, mwenye ngamia, ameketi mkekani akinywa chai ya maziwa. Mtoto wangu wakati huo alihesabu kila kitu: mabati ya paa, shanga za tasbihi, mbuzi wanaopita njiani. Akaja na kikombe cha pili, akauliza kwa adabu zake zote, "Adeer, una ngamia wangapi?"

Kwetu hilo haliulizwi, hata huyo unayemwita adeer akiwa baba mdogo wako kweli. Mwenye mifugo akitaja idadi huogopa jicho la husuda, na anayeuliza huonekana ana tamaa, au ametumwa. Lakini mgeni alikuwa anatabasamu. "Wacha yeye," alisema, "ni mtoto." Nami nikampiga binti yangu kofi mbele ya mgeni, chai ikamwagika mkekani. Nikamwambia kumuuliza mtu mifugo yake ni kumvua nguo. Mimi, niliyelipwa mshahara kuhesabu mifugo ya watu sokoni! Sikumpiga kwa ajili ya mila. Nilitaka mgeni anione mtu wa heshima. Tangu siku hiyo mtoto akawa mtulivu, na kwa miaka mingi nilijisifu kwa utulivu wake.

Niliweka karatasi chini.

"Nilikukosea Griftu. Ile siku ya chai."

"Nilidhani umesahau," akasema. "Mimi nakumbuka hata rangi ya kikombe."

"Basi niulize mimi. Ng'ombe wangu walioko Kotile."

"Hapana, aabo."

"Kesho utamuuliza mtu usiyemjua. Anza na mimi."

Aliweka kalamu chini. Halafu akasema haraka, macho chini, "Aabo, una ng'ombe wangapi?"

Nilijibu kama mwizi aliyeshikwa. "Wanne."

Aliinua macho. "Si walikuwa zaidi ya thelathini?"

"Ukame."

"Walikufa wangapi? Uliuza wangapi? Hao wanne nani anawachunga?" Sasa alikuwa ameshika kalamu, akiandika. Nikajibu moja moja. Kisha akauliza swali ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote: "Kwa nini hukuniambia?"

"Hakuna aliyeniuliza," nikasema, na kabla sijamaliza nikaona aibu ya jibu hilo.

Alhamisi alijifungia chumbani na kompyuta yake. Nilikuwa nimemwomba jirani azime mashine ya kusaga nyama, naye akaizima. Nikaketi kwenye kigoda nje ya mlango wa chumba. Nilisikia sauti ya mwanamume ikisoma swali kwa Kiingereza, refu, kisha kalamu ikikwaruza daftari. Visanduku vile vile vya Jumatatu. Kidole gumba changu kilikuwa kinakandamiza goti.

"Samahani," binti yangu akasema, naye kwa Kiingereza. "Kabla sijaendelea, naomba kujua mna wateja wangapi."

Nikainamisha uso sakafuni, kwa mazoea, kama mtu ambaye mgeni wake ameaibishwa. Hakuna aliyekemea. Yule mwanamume akataja idadi tu, na binti yangu akauliza jingine.

Jirani akachungulia dirishani, kisu bado mkononi.

"Mzee, jaji nasema nini?"

"Nyamaza," nikamnong'oneza. "Anayeuliza ni yeye."