Mikahawa ya Matrah

Juzi, katika mji mmoja wa soko huko Uingereza, mwanangu alinitembeza kunionesha baa za kale, tukizitazama kwa nje tu. Kwenye ya nne miguu iliniuma, nikamkumbuka baba.

Tulikuwa ndiyo kwanza tumeshuka Matrah, bandari ya Maskati, kutoka Unguja, nami mtoto wa kike mdogo, sijui hata neno la Kiarabu. Alasiri ile baba alinishika mkono, tukaingia mkahawa mmoja baada ya mwengine. Palinuka hiliki na samaki wakavu. Kila pahala alikunywa kikombe kimoja, akauliza kitu, akainuka.

"Baba, kahawa yao mbaya?"

"Twende, mama. Bado kidogo."

Katika mkahawa wa mwisho mzee mmoja alimshika bega, akamjibu kwa sauti ya chini. Baba hakuinuka. Aliagiza kikombe cha pili, kisha cha tatu. Nikadhani hatimaye amepata kahawa aipendayo.

Miaka mingi baadaye mama alinambia kuwa baba alikuwa akimtafuta ndugu yake, aliyekuwa atupokee, na mzee yule alimwambia keshazikwa. Hatukuwa na mtu mwengine Maskati nzima.

Alasiri ile mimi nilivua viatu, nikamlalia baba pajani.

"Baba, tukae hapa hapa."

"Haya, mama," alinijibu. "Tukae."